Waya wa Breki Usingojwe Ukatike

Na Mwandishi Wetu

Si jambo geni katika mitaa ya Bariadi kumwona mtoto akiisimamisha baiskeli kwa kandambili. Huja kwa kasi, akainua mguu, akaubana unyayo kwenye tairi mpaka baiskeli ipunguze mwendo. Wenzake humwona hodari. Mzazi makini huona jambo jingine: breki za baiskeli hiyo zimekufa, na mtoto amejitafutia dawa yake mwenyewe baada ya kuona hakuna mkubwa aliyeshughulika. Kandambili ikiwa na matope huteleza. Mguu ukiponyoka, hapo ulipo pana spoki zinazozunguka.

Mara nyingi chanzo cha yote hayo ni waya mmoja mwembamba, miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa katika duka la vifaa vya baiskeli. Hauhitaji karakana, wala umeme, wala fundi mwenye cheti. Mzazi mwenye spana moja na plaizi, akiwa na saa moja ya utulivu, anaweza kuubadili kivulini nyumbani kwake. Jambo kubwa zaidi ni kwamba waya huu haukatiki ghafla kama watu wanavyodhani. Hutoa dalili siku nyingi kabla ya kukatika, na dalili hizo huonekana kwa macho ya kawaida. Makala haya yanaeleza namna ya kuzisoma dalili hizo, kuubadili waya, na kuutia mafuta ili udumu.

Nchi ya pamba na baiskeli

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, makao makuu yake yakiwa Bariadi. Wilaya zake ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Umri wa mkoa ni mdogo, lakini uhusiano wa nchi hii na baiskeli ni wa zamani. Hapa ni Usukumani, nchi ya pamba. Katika miaka ya 1950, wakulima wa Kanda ya Ziwa walipojiunga katika vyama vya ushirika na kuunda umoja wao mkubwa mwaka 1955, uliohusishwa sana na jina la Paul Bomani, fedha za pamba ziliingia katika nyumba za vijijini, na baiskeli ikawa moja ya vitu vya kwanza kununuliwa baada ya mavuno.

Baiskeli ya zama hizo ilikuwa ile kubwa nyeusi, yenye fremu nzito na keria pana nyuma. Breki zake huvutwa kwa fito za chuma zinazoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye ringi. Fito haichakai upesi. Inapolegea, huonekana wazi, na aghalabu kukaza nati tu kunatosha. Baiskeli hizo zingali zinabeba madumu ya maji, magunia na abiria katika vijiji vyetu.

Lakini baiskeli wanazopanda watoto leo, zile zenye matairi mapana, zenye gia, au ndogo za mitumba, nyingi zina breki za waya. Familia iliyozoea fito hudhani kwamba waya nao utajitunza wenyewe. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Fito inaweza kustahimili miaka ya kusahauliwa, waya haustahimili.

Na barabara nazo zimebadilika. Lami inayotoka Maswa hadi Bariadi, na ile inayotoka Bariadi hadi Lamadi kuungana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma, imerahisisha safari na biashara. Imeleta pia magari yaendayo kasi karibu na njia wanazopita wanafunzi. Shirika la Afya Duniani limeeleza katika taarifa zake kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Breki ya baiskeli haiwezi kulizuia lori, lakini inaweza kumzuia mtoto asiingie mbele ya lori.

Mita tatu au mita sita

Tufanye hesabu ndogo. Mtoto anayekwenda mwendo wa kilomita 18 kwa saa, mwendo wa kawaida kabisa kwa baiskeli, hupita mita 5 kila sekunde. Tuseme breki nzuri kwenye njia kavu inamsimamisha ndani ya mita 3. Breki yenye nusu ya nguvu hiyo itahitaji mita 6, yaani mara mbili. Tofauti hiyo ya mita 3 inakaribia upana wa njia moja ya gari. Ndiyo tofauti ya mtoto kusimama ukingoni mwa lami na kusimama katikati yake.

Mwendo nao una hesabu yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama huongezeka mara nne. Mtoto yule yule akiteremka mlima kwa kilomita 36 kwa saa, breki nzuri itahitaji mita 12, na ile dhaifu mita 24. Kwa hiyo mzazi asiridhike kwa kuwa breki "inashika kidogo." Breki inayoshika kidogo kwenye uwanja wa nyumbani haitashika kabisa mteremkoni.

Waya unavyofanya kazi

Waya wa breki ni vitu viwili katika kimoja. Ndani kuna waya wenyewe, uliosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma cha pua au chuma kilichopakwa madini ya kuzuia kutu. Unene wake ni takriban milimita moja na nusu. Nje kuna ganda: chuma kilichoviringishwa kama springi na kuvikwa plastiki. Waya huvuta; ganda husukuma. Ganda lisipokuwa imara, waya hauna pa kuegemea nguvu yake, na mkono wa breki huwa laini kama unaminya sifongo.

Utaratibu huu ulipewa hati ya ubunifu nchini Uingereza mwaka 1896 kwa jina la Ernest Monnington Bowden, na tangu hapo haukubadilika sana. Uzuri wake ni kwamba nguvu ya vidole inaweza kupinda kona kutoka kwenye usukani hadi gurudumu la nyuma. Udhaifu wake ni kwamba nafasi iliyopo kati ya waya na ganda ni ndogo mno. Chochote kinachoingia humo, iwe vumbi, maji au kutu, huongeza msuguano.

Katika Simiyu vitu hivyo vyote vipo. Wakati wa mvua, udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye magurudumu na kupanda hadi kwenye breki ya nyuma. Maji huingia kwenye ganda na kutulia sehemu ya chini ya mpindo. Kiangazi kikija, maji hukauka yakaacha kutu, kisha vumbi laini hujaza palipobaki. Mtoto huanza kulalamika kwamba breki ni ngumu. Malalamiko hayo yasipuuzwe: vidole vya mtoto vina nguvu ndogo, na breki iliyo ngumu kwa mtu mzima haifai kabisa kwa mtoto wa miaka tisa.

Dalili za kuangalia

Waya hukatikia katika sehemu mbili mara nyingi kuliko nyingine. Ya kwanza ni ndani ya mkono wa breki, pale kichwa cha waya, yaani kile kidonge cha madini, kinapokaa. Ya pili ni pale unapobanwa na nati kwenye breki yenyewe. Sehemu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu imejificha. Uvute mkono wa breki, umulike kwa tochi ya simu, uangalie shingo ya waya. Ukiona uzi mmoja umechomoka kama unywele, waya huo umekwisha. Usihesabu nyuzi zilizobaki ukajipa moyo. Uzi mmoja ukikatika, mzigo wake huhamia kwa wenzake, nao hufuata mmoja baada ya mwingine.

Dalili nyingine ni hizi. Mkono wa breki ukiachiwa, haurudi wenyewe au hurudi kwa uvivu. Ukivutwa, unakwaruza. Ukibanwa kwa nguvu, unagusa usukani kabla gurudumu halijasimama. Ganda limepasuka, limepinda kwa kona kali, au springi yake ya ndani inaonekana. Ncha ya waya imefumuka kama ufagio.

Ncha iliyofumuka haiharibu waya tu. Huchoma vidole, na hunasa nguo. Kwa binti aliyevaa baibui au mtandio mrefu, na kwa kijana wa madrasa aliyevaa kanzu, ncha hiyo ni ndoano iliyo karibu na gurudumu linalozunguka.

Vifaa vya kutayarisha

Nunua waya mpya uliofungwa pamoja na ganda lake, na nenda dukani na waya wa zamani mkononi au na picha yake. Vichwa vya waya si vya aina moja. Baiskeli nyingi za usukani ulionyooka hutumia kichwa cha umbo la pipa dogo. Baiskeli za mashindano zenye usukani uliopinda chini hutumia kichwa cha umbo la pea. Kichwa kisichokaa sawasawa kitachomoka siku ya shida.

Usikubali kuuziwa waya wa gia badala ya waya wa breki. Ni mwembamba zaidi, na haukukusudiwa kubeba nguvu ya kusimamisha mtu. Ganda la gia nalo lisitumike kwa breki: lina nyuzi zilizolala kwa urefu, na likibanwa kwa nguvu ya breki linaweza kupasuka.

Nyumbani tayarisha spana inayoingia kwenye nati ya kubania waya, ambayo mara nyingi ni namba 10, au ule ufunguo uliopinda wenye ncha ya pembe sita ikiwa baiskeli ni ya namna hiyo. Ongeza plaizi yenye makali ya kukatia, tupa ndogo, kitambaa kikavu, sindano nene au msumari mwembamba, na kichupa cha mafuta ya cherehani.

Namna ya kuubadili

Kwanza, tazama kabla ya kufungua. Piga picha ya njia ya waya kwa simu, au mwambie mtoto aichore. Angalia mkono upi unavuta breki ipi. Katika baiskeli zinazofuata desturi ya Kiingereza, mkono wa kulia huvuta breki ya mbele. Katika nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani na sehemu kubwa ya bara la Ulaya, mkono wa kushoto ndio wa mbele. Usibadili alichozoea mtoto bila kumwambia. Anayetaka kubana breki ya nyuma akabana ya mbele kwa ghafla anaweza kurushwa juu ya usukani. Ukibadili waya zote mbili, maliza mmoja kwanza, kisha ufuate wa pili.

Pili, karibu na mkono wa breki, au kwenye breki yenyewe, pana skrubu ya kurekebishia ambayo waya hupita katikati yake. Izungushe iingie ndani mpaka mwisho, kisha irudishe mzunguko mmoja. Kwa njia hii utabaki na nafasi ya kukaza baadaye.

Tatu, legeza nati ya kubania, kata ncha iliyofumuka, uvute waya utoke upande wa usukani. Katika mikono mingi ya breki kuna ufa mwembamba kwenye skrubu na kwenye mkono wenyewe; ukiulinganisha ufa huo, waya hutoka kwa urahisi pamoja na kichwa chake.

Nne, lipime ganda jipya kwa lile la zamani kabla ya kulikata. Kama la zamani halipo, ligeuze usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Ganda liwe refu kiasi cha kutovutwa katika pande zote mbili, lakini lisiwe na kitanzi kikubwa kinachoning'inia. Ukishakata, laini mkato kwa tupa uwe bapa, kisha ingiza sindano kufungua tundu lililobanwa na plaizi. Mkato uliopinda ndani ni kisu kidogo kitakachoula waya mpya kila siku.

Tano, tia tone moja la mafuta katikati ya vidole viwili na uupitishe waya mzima hapo, upate utando mwembamba. Uingize kuanzia kwenye mkono wa breki, kupitia skrubu, hadi ndani ya ganda. Ukikwama, usilazimishe; uzungushe polepole kufuata msokoto wake. Hakikisha kichwa kimekaa kitakoni mwake, na ncha za ganda zimeingia sawasawa kwenye vikombe vyake. Kisha izungushe skrubu kidogo ili ufa wake usilingane tena na ule wa mkono.

Sita, pitisha waya chini ya nati ya kubania. Mtoto abane raba za breki kwa mkono wake ziguse ringi, nawe uvute waya kiasi cha kuondoa ulegevu, kisha kaza nati. Raba zikiachiwa, pande zote mbili ziwe mbali na ringi kwa milimita mbili au tatu, na gurudumu lizunguke bila kugusa.

Saba, bana mkono wa breki kwa nguvu zako zote mara kumi. Waya mpya hujivuta na ganda hukaa mahali pake, kwa hiyo ulegevu utatokea tena. Ondoa ulegevu huo kwa kuvuta tena na kukaza nati, au kwa ile skrubu uliyoiachia nafasi. Ni bora waya uteleze mbele yako nyumbani kuliko barabarani.

Nane, kata ncha iliyozidi ukiacha sentimita tatu hadi tano. Ivike kikofia chake. Kama hakuna kikofia, nati ya spoki iliyotupwa itafaa: ivike kwenye ncha na uibane kwa plaizi. Hapo nyuzi hazitafumuka, wala hazitanasa nguo.

Mafuta yapi, na kiasi gani

Waya ambao haujakatika wala kufumuka, lakini umekuwa mgumu, huenda unahitaji mafuta tu. Legeza nati, vuta waya utoke, ufute kwa kitambaa. Ukitoka na kutu nyingi, usihangaike kuuponya, badili. Ukiwa mzima, lisimamishe ganda wima, funga kipande cha mfuko wa nailoni kwenye ncha ya juu kama faneli, utie matone machache ya mafuta ya cherehani. Yaache yashuke, hata kama ni usiku kucha, mpaka yatokeze chini. Ikiwa matone ya mwanzo yatatoka meusi, ongeza mengine mpaka yatoke masafi. Rudisha waya kama ilivyoelezwa.

Baadhi ya maganda mapya yana bomba laini la plastiki ndani. Hayo yanahitaji utando mwembamba tu juu ya waya, wala hayahitaji kujazwa mafuta.

Kuna mafuta manne yanayotumika sana majumbani ambayo hayafai. Mafuta ya kupikia hulainisha kwa siku chache, kisha huganda na kunata kama gundi. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini ina chembe za chuma na masizi, nayo huukwaruza waya. Grisi nzito hukamata vumbi, na kwa vumbi la kiangazi la Simiyu hugeuka kuwa kama sandarusi ndani ya ganda. Mafuta ya taa husafisha vizuri, lakini hukauka na kuuacha waya mkavu. Yatumike kusuuzia tu, kisha yafuatwe na mafuta ya cherehani.

Tahadhari moja ni kubwa kuliko zote: mafuta yasiguse ringi wala raba. Tone moja kwenye ringi huiondolea breki nguvu kuliko waya mbovu. Likidondoka, ringi ifutwe kwa maji ya sabuni na kukaushwa, na raba zisuguliwe kwa msasa. Zikiwa zimelowa sana, zibadilishwe.

Pia waya mpya haufufui raba zilizokwisha. Raba zina mifereji. Mifereji ikitoweka, raba zimefika mwisho. Na mtoto afundishwe kwamba ringi za chuma zinapolowa, breki hupungua nguvu hata waya ukiwa mpya. Mvua ikinyesha, aanze kubana mapema, akibana na kuachia ili kuifuta ringi, na ateremke kwa kusukuma palipo na mteremko mkali.

Jaribio kabla ya kuikabidhi

Baiskeli isirudi kwa mtoto kabla ya jaribio. Isukume ukitembea, kisha bana breki ya mbele peke yake: gurudumu la mbele lisimame na la nyuma litake kuinuka. Isukume tena, bana ya nyuma peke yake: gurudumu la nyuma liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki ukibanwa mpaka mwisho, pabaki nafasi ya kupitisha vidole viwili kati yake na usukani. Zungusha usukani kulia na kushoto huku ukitazama raba. Zikisogea zenyewe, ganda ni fupi. Mwisho, mtu mzima au kaka mkubwa aipande polepole kwenye uwanja tambarare, abane kwa nguvu mara tano, na nati ikaguliwe tena.

Hapo mtoto aonyeshwe namna ya kubana: mikono yote miwili kwa pamoja, kwa nguvu inayoongezeka, mwili ukirudi nyuma kidogo. Wakati wa kusimama uzito huhamia mbele, ndiyo maana breki ya mbele hufanya kazi kubwa zaidi, na ndiyo maana haipaswi kubanwa kwa ghafla peke yake. Akibeba dumu la maji kwenye keria, breki ya nyuma hupata kazi zaidi, lakini umbali wa kusimama haupungui. Aanze kubana mapema.

Kazi ya nyumba nzima

Kuna mambo ya kumwachia fundi: fremu iliyopasuka, uma uliopinda, ringi inayoyumba, mkono wa breki uliovunjika. Kwenda kwa fundi kwa mambo hayo si udhaifu. Lakini ukaguzi wa waya ni wa nyumbani, kwa sababu fundi huiona baiskeli mara moja kwa miezi, nanyi mnaiona kila siku.

Familia inaweza kujiwekea utaratibu mwepesi. Mara moja kwa wiki, kila mwenye baiskeli abane mikono yote miwili na kuitazama shingo ya waya. Mara mbili kwa mwaka, kazi iwe kamili: mwezi Oktoba kabla mvua hazijashika, na mwezi Mei au Juni baada ya mvua kukatika, matope yakiwa yameoshwa. Waya mmoja wa akiba uwekwe ndani ya nyumba, kwani aghalabu waya hukatika siku ambayo duka limefungwa.

Wasichana wasiachwe nje ya kazi hii. Binti anayekwenda shule kwa baiskeli hukutana na breki mbovu akiwa peke yake njiani, kama kaka yake, na vidole vyake vinaweza kushika spana. Mama anayebaki nyumbani na watoto naye ajue, ili kazi isimsubiri baba arudi kutoka safarini au shambani. Mtoto wa miaka kumi anaweza kushika tochi, kubana raba na kutaja dalili. Wa miaka kumi na minne anaweza kufanya kazi yote, mkubwa akakagua nati ya mwisho.

Waislamu tumefundishwa kwamba kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Mtoto ni amana, na kamba ya ngamia wake katika njia za Bariadi leo ni waya wa milimita moja na nusu. Usiku wa leo, kabla baiskeli haijaingizwa ndani, vuta mkono wa breki, mulika shingo ya waya kwa tochi, na utazame kama kuna uzi uliochomoka. Ukiuona, kesho mtoto aende shule kwa miguu, na baiskeli ingoje waya mpya.